Brashi ya Manyoya ya Mwanambuzi

Huko Nyarero, katika safu ya tatu ya zile nyumba zilizopangwa kwa kamba mwaka watu walipoteremshwa kutoka vilimani, aliishi mjane mmoja aliyeitwa Nyangi, mke wa marehemu Machage. Kazi ya mikono yake ilikuwa kutengeneza migwisho, yaani ile mikia ya ng'ombe iliyotiwa mpini, ambayo wazee huishika barazani kufukuzia nzi na kutilia maneno yao uzito. Migwisho yake ilifika mbali sana, hata kwenye mikutano ya wakubwa, lakini mwenyewe hakufika popote. Aliyehitaji mgwisho alimtuma mtu, na aliyetumwa alisimama hatua tano kutoka mlangoni.

Sababu ilikuwa usoni pake. Mwaka ule wa kuhama, doa jeupe lenye ukubwa wa punje ya mahindi lilimtokea penye pembe ya jicho la kulia. Miaka sita baadaye macho yote mawili yalikuwa yamezungushiwa weupe, midomo nayo ikazungushiwa, na shavu la kushoto likawa na bara lake peke yake. Mganga wa zahanati alimshika kidevu, akamgeuza huku na huku penye mwanga, akamwambia kwa upole kwamba ile ni mbalanga, si ukoma: haiui, haiambukizi, wala haina dawa. Nyangi akayachukua maneno hayo matatu akayapeleka kwa majirani. Wakamsikiliza, wakatikisa vichwa kwa kukubali, na kesho yake kata ya maji aliyoigusa ikasuguliwa kwa mchanga. Wengine walisema ni adhabu ya kuliacha kaburi la mumewe peke yake kule mlimani, kana kwamba ni yeye aliyeleta lori la kuhamisha watu.

Zamani kule juu, nyumba na nyumba zilitenganishwa na shamba zima la wimbi, na mtu aliweza kuishi na uso wake bila kumwomba jirani ruhusa. Kijijini mlango ulitazamana na mlango. Hata katika shamba la ujamaa msimamizi alimwambia kwa adabu kwamba kazi yake ya migwisho inatosha kuhesabiwa kuwa mchango, kwa maana wanawake wenzake hawakupenda kunywa uji wa pipa moja naye. Alizoea. Mwanadamu hupewa na Mola wake uwezo wa kuzoea mambo mengi, na mara nyingine uwezo huo wenyewe ndio msiba.

Jambo moja tu hakuweza kulizoea. Machage alikufa bila kumwachia mtoto wa kiume. Alimwachia Boke, binti mmoja. Kwa desturi ya Wakurya, nyumba isiyo na mtoto wa kiume haijafungwa bado. Mwanamke mwenye nyumba hiyo, akipata ng'ombe wa mahari ya binti yake, aweza kuwatumia kumwoa mwanamke kijana aje akae nyumbani, azae watoto waitwe kwa jina la nyumba ile. Hivyo ng'ombe wa Boke ndio waliokuwa wana wa Machage ambao hawajazaliwa. Wasipokuja, jina lingekatika, na kiwanja kingerudi kwa serikali ya kijiji.

Vijana wa Nyarero hawakubisha hodi. Kila mmoja alijua uso wa mama, na kila mama aliogopa wajukuu wenye mabaka. Lakini kijana mmoja kutoka Kenyamonta, Marwa mwana wa Matiko, alikuwa akipitisha ng'ombe kwenda mnadani, akamwona Boke kisimani, akarudi tena bila ng'ombe wowote wa kupitisha. Nyumbani kwa akina Boke hakuwahi kuingia. Sasa habari ilikuwa imeletwa: Jumamosi inayofuata, Matiko mwenyewe angekuja na dada yake mkubwa, shangazi wa kijana, kuitazama nyumba. Na kuitazama nyumba, kila mtu ajua, ni kumtazama mama wa binti.

Jumanne asubuhi, watu wote wakiwa shambani, jirani yake Apiyo aligonga mlango kwa kiwiko. Apiyo alikuwa Mjaluo, mke wa Ouma fundi viatu, na goti lake bovu ndilo lililompa ruhusa ya kutokwenda shamba la ujamaa. Ndiye mtu pekee katika safu ile aliyekula katika sahani ya Nyangi.

"Hodi, Mama Boke! Fungua, dagaa wananuka mpaka kwa balozi."

"Karibu. Dagaa umewatoa wapi wewe mtu wa goti?"

"Goti langu linauma likielekea shambani. Likielekea mpakani halina neno." Akaketi kwenye kigoda, akatia mkono katikati ya dagaa, akatoa kifurushi cha gazeti. "Aoko amefanya. Nilimwambia, ndugu yangu, rangi ya chungu kilichopikiwa mwaka mmoja. Siyo kipya, siyo kikongwe. Akaniuliza, huyo ni mtu au ni jiko?"

Mpaka ulikuwa umefungwa mwaka wa tatu huo, na Aoko, mdogo wake Apiyo, alifanya kazi ya kusuka na kupamba maharusi upande wa pili, huko Migori. Katika kifurushi kulikuwa na mkebe mdogo wa rangi ya uso, nzito kama siagi, na brashi tatu: moja nene ya mviringo iliyofanana na kifaranga, moja bapa, na moja nyembamba ya macho.

Nyangi hakuutazama mkebe kwanza. Alizichukua brashi. Alizipitisha midomoni, akazikunja kwa kidole gumba na kuziachia, akang'oa unywele mmoja wa kila brashi na kuuchoma kwenye kaa la moto. Unywele wa brashi nene ulinuka kama kwato. Zile nyingine mbili ziliyeyuka zikawa tone gumu jeusi.

"Hii ni mnyama," akasema. "Hizi ni nailoni."

"Mama Boke, ni za uso, siyo za barazani."

"Singa ni singa. Hebu nipake uone."

Wakaenda nyuma ya nyumba, penye ghala, kwa maana mwanga wa ndani ni mwongo. Apiyo akachovya brashi nene, akaipitisha shavuni. Nywele zake zilikuwa laini mno na ndefu. Ziliinywa rangi yote zikarudisha kidogo, na nyingine zikanyofoka zikabaki zimeganda kwenye shavu. Apiyo akamtazama, akauma mdomo.

"Sema tu."

"Umeota ndevu."

Wakafuta kwa mafuta ya samli, wakajaribu ile bapa. Hiyo ilipaka vizuri kwa wingi, lakini iliacha mistari iliyolala sambamba, kama uwanja uliofagiliwa asubuhi. Boke, aliyekuwa akirudi na maji kichwani, akasimama kuwatazama. Alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, mwenye maneno machache na makali.

"Mama, wewe si mlango wa zahanati wa kupigwa rangi."

"Nenda ukaweke maji."

"Na wakija baada ya harusi? Utapakwa mpaka lini?"

Swali hilo Nyangi alikuwa amekwisha kujiuliza, na jibu alilopata lilikuwa kwamba ng'ombe wakishaingia zizini hawatazami uso wa mtu. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa ameshika brashi ya kunyolea ndevu iliyokuwa ya mumewe, ambayo tangu siku ya kuhamia hapo ilikuwa imechomekwa kwenye nyasi za paa. Singa zake zilikuwa za nguruwe, fupi, ngumu, zilizosongamana. Alisimama nayo kitambo, akiipangusa masizi kwa pindo la khanga.

"Usivute," akamwambia Apiyo. "Gongagonga tu, taratibu, kama unayempapasa mtoto alale."

Apiyo akagongagonga. Rangi ikashuka ndani ya ngozi badala ya kukaa juu yake. Shavu la kushoto likaanza kuungana na la kulia, na ule mpaka wa bara jeupe ukapotea.

"Nyasaye, Mungu wangu!" akasema Apiyo. "Machage yuko kaburini na bado anakupangusa mashavu."

Nyangi akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kimekaa bila kazi muda mrefu, kikatoka na kikohozi.

Macho ndiyo yaliyowashinda. Pale penye kope, ngozi ni nyepesi kama utando wa kitunguu, na brashi nyembamba ya nailoni ilichoma. Machozi yakatiririka, yakaichukua rangi yote na kuchora mfereji hadi kidevuni. Walijaribu unyoya wa kuku, ukateleza. Walijaribu kidole, kikaacha alama yake. Adhuhuri ilipofika, Apiyo alikata tamaa, akasema labda afunge kitambaa, adai ana macho mekundu.

"Watasema ni mgonjwa wa macho," akajibu Nyangi. "Niletee yule mwanambuzi wako."

Mwanambuzi yule alikuwa na wiki tatu tangu azaliwe. Nyangi akampakata mapajani, akayakata kwa mkasi manyoya yaliyo ndani ya sikio, yale mafupi yenye ncha nyembamba ambayo hayajawahi kunyeshewa mvua. Akayatumbukiza kwenye kizibo cha chupa, ncha zikielekea chini, akakigonga kizibo juu ya jiwe mpaka ncha zote zikalala sawa. Akayafunga mashina kwa uzi, akayachovya katika nta ya nyuki, akayapenyeza ndani ya shina la unyoya wa jogoo lililolainishwa kwa maji ya moto. Shina lilipopoa likajibana, likayashika. Hata migwisho ya wazee hakuwahi kuitendea kwa uangalifu kama ule. Jioni hiyo hiyo brashi hiyo mpya ilipita juu ya kope zake, na jicho halikupepesa.

Kuanzia Jumatano walifanya majaribio, maana Nyangi hakuwa mtu wa kubahatisha kazi. Siku ya kwanza alipakwa akakaa jikoni kuni mbichi zikifuka, moshi ukamtoa makamasi, rangi ikabaki. Siku ya pili alilima matuta mawili ya viazi katika jua la saa sita; jasho likapita juu ya rangi kama maji juu ya jani la mgomba. Siku ya tatu aliosha vyombo, akala ugali wa moto, akainama, akainuka, akasali rozari nzima akiwa amepiga magoti juani. Apiyo alimzunguka kila mara akimkagua kwa jicho moja, kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Imebaki nini?" Nyangi akauliza.

"Imebaki Jumamosi."

Hapo ndipo Apiyo alipompa kipande cha kioo. Kwa miaka minne Nyangi hakuwa na kioo ndani ya nyumba. Alikishika kwa mikono miwili. Humo ndani alikuwamo mwanamke mtu mzima wa Kikurya, mwenye uso wa rangi moja, aliyefanana sana na mama yake mzazi. Alimtazama mpaka Apiyo akaingiwa na hofu, akamwondolea kioo kwa hila, akisema anataka kujitazama meno.

Jumamosi ikafika. Matiko alikuwa mzee mrefu, mpole, mwenye koti la sufu na mgwisho ambao Nyangi aliutambua mara moja kuwa wa mkono wake. Dada yake, bibi Gati, alikuwa mfupi, amejikunja kidogo mgongoni, na macho yake yalifanya kazi kabla ya kinywa chake.

"Shikamoo, mama," Nyangi akasema, akipiga goti.

"Marahaba, mke wa Machage." Bibi Gati hakumwachia mkono. Akamvuta akasimama naye mlangoni, jua likiwaangukia wote wawili. Akamtazama paji la uso, mashavu, midomo, na kwa muda mrefu zaidi, macho. Apiyo, aliyekuwa akipepeta mchele ambao haukuwa na pumba, alisimamisha ungo.

"Hm," akasema bibi Gati. Akamgeukia kaka yake. "Watu wana midomo."

"Nilikwambia," akajibu Matiko.

Wakaingia. Wakala ugali wa wimbi na kuku, wakasifu chumvi. Boke akapita akisalimia, macho chini. Matiko akausifu mgwisho wake. Akaambiwa umetengenezwa na mkono wa mwenye nyumba. Akacheka kwa mshangao, akasema basi undugu ulikwisha kuanza bila wao kujua. Wakazungumza habari za ng'ombe kwa lugha ya kuzunguka, kama ipasavyo, na kila walipozunguka walirudi karibu zaidi. Nyangi alikuwa ameketi kwenye ngozi yake, mgongo umenyooka, na ndani ya nafsi yake alikuwa amekwisha kusikia kilio cha mtoto mchanga katika nyumba ile. Wala hilo si dhambi. Amekosa nini mtu anayetamani kuitwa na mtoto?

Ndipo bibi Gati alipoinuka.

"Nimeridhika," akasema. "Nipeni maziwa."

Boke akaleta kibuyu. Bibi kizee akanywa funda moja akamshukuru Mungu, akanywa la pili asilimeze. Mashavu yake yakavimba, akaja moja kwa moja mbele ya Nyangi.

Wakati huo tu, wala si kabla, Nyangi akakumbuka.

Wazee wa Kikurya humbariki mtu kwa kumpulizia: kama si pombe ya wimbi, basi ni maziwa, yakitoka katika kinywa cha mkubwa na kuangukia uso wa anayebarikiwa. Nyangi alilijua jambo hilo tangu utoto. Alibarikiwa hivyo alipoolewa, alibarikiwa hivyo Boke alipozaliwa. Lakini tangu madoa yalipotokea, hakuna mzee aliyeusogelea uso wake hata kwa pumzi. Moshi, jasho, jua, mvuke wa ugali, yote aliyakumbuka kwa kuwa yote hayo yalimgusa kila siku. Baraka ilikuwa imetoka katika maisha yake muda mrefu mno, hata hakuiweka katika majaribio.

Apiyo hakujua, kwao haikuwa hivyo. Boke alijua, lakini hakuwahi kuona mama yake akifanyiwa.

Maziwa yakamwagikia usoni, ya uvuguvugu, yenye mafuta. Nyangi alifumba macho asisogee, kwa maana anayekwepa baraka hujitangazia laana. Kisha kiganja cha bibi Gati, kigumu kama gome, kikateremka kutoka paji la uso hadi kidevuni, kikiisugua neema iingie.

Alipofumbua macho alimwona bibi kizee akitazama kiganja chake. Kilikuwa na rangi ya chungu kilichopikiwa mwaka mmoja.

"Mke wa Machage," akasema bibi Gati polepole, "hiki nilichoshika ni nini?"

"Ni uso wangu, mama."

"Na huo ulio hapo mbele yangu?"

"Nao ni wangu. Ni mbalanga tu, mama. Mganga alisema haiui, haiambukizi." Maneno yakakwama hapo. La tatu hakuona faida ya kulisema.

Bibi Gati akajifuta mkono kwenye nguzo ya nyumba, mara mbili. Hakupiga kelele, laiti angepiga. "Njiani, pale kwenye daraja, watu walituambia. Nikawaambia nyie mna wivu, mimi nitakwenda kutazama kwa macho yangu. Nimetazama kwa macho yangu, nikasema mmemsingizia mjane wa watu." Akamtazama kaka yake. "Nimelibariki hili. Mdomo wangu umelibariki hili."

"Mama yangu angewapokea bila kupakwa, mngekubali?" akauliza Boke.

Matiko alikuwa mtu mwaminifu, akafikiri kabla ya kujibu. "Hapana, binti yangu," akasema. "Tusingekubali."

Akasimama, akaweka koti lake sawa. Mlangoni aligeuka akautazama mgwisho mkononi mwake, kama mtu asiyejua sasa aufanye nini. Akauegemeza ukutani, taratibu, akamshika dada yake mkono, wakaondoka.

Apiyo ndiye aliyeosha brashi siku ile. Aliziosha kwa majivu, kwani sabuni haikupatikana dukani mwaka ule, akazianika juu ya jiwe nyuma ya ghala. Nyangi aliketi na uso wake nusu huku nusu huko, nzi wakiyafuata maziwa, na mgwisho wa Matiko ukiwa umbali wa mkono mmoja. Hakuuchukua.

Masika yaliyofuata Boke alivuka mpaka na mwanamume wa Isebania aliyekuwa na baiskeli bila ng'ombe. Hakuna aliyemlaumu. Alituma salamu mara mbili kwa njia ya Aoko. Wanunuzi wa migwisho nao walipungua, maana habari ya kiganja cha bibi Gati ilitembea kwa miguu yake hadi kote ambako migwisho ilikuwa imefika.

Madoa hayakusimama. Mwaka baada ya mwaka yalisogeleana, bara na bara, mpaka weusi wa mwisho ukabaki kama kisiwa chini ya sikio, kisha nao ukazama. Uso wa Nyangi ukawa wa rangi moja tena, kama ule alioomba, isipokuwa haukuwa wake. Watoto wapya wa kijiji walidhani alizaliwa hivyo.

Alipofariki, Apiyo ndiye aliyemwosha. Katika nyasi za paa alikuta vitu viwili vimechomekwa pamoja: brashi ya ndevu ya Machage, na ile ndogo ya manyoya ya mwanambuzi, safi, ncha zake zimelala sawa. Akaichovya ile ndogo katika maji, akampitishia kwenye kope, jicho moja kisha la pili, kuondoa vumbi lililokuwa limekaa pale. Akazirudisha zote mbili kwenye nyasi. Mwezi uliofuata kamati ya kijiji ilikigawa kiwanja, na mwenye kupewa akalibomoa paa akalitia moto, kwa kuogopa kuambukizwa. Mola aliyeziumba nyuso zote ampokee Nyangi kwa ule anaoujua Yeye.